Maneno Mawili Niliyoyaacha

Jumamosi, 8 Machi

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata mama, hata yule rafiki yangu mmoja wa darasani: baba akizungumza na Meneja kupitia kwangu, mimi namtoa Mungu.

Nieleze vizuri, maana nikija kusoma hapa baadaye nitajiona mwendawazimu. Baba ni fundi wa boila katika dobi kubwa nyuma ya hospitali. Mvuke anaouchemsha yeye ndio unaofua na kunyoosha mashuka yote ya wagonjwa. Meneja ametoka nchi ya mbali na anajua lugha ya shule tu. Baba anajua lugha ya nyumbani tu. Karani aliyekuwa akiwasemea aliacha kazi mwaka jana, basi kila Jumamosi, na siku nyingine nikitoka shule, nasimama katikati yao. Kazi hii naipenda. Maneno yangu mwenyewe hunikwama kooni, lakini ya watu wengine hutoka laini kabisa.

Sasa baba hawezi kumaliza sentensi bila "Mungu akipenda". Kesho nitawasha alfajiri, Mungu akipenda. Mafuta yatatosha, Mungu akipenda. Zamani nilikuwa natafsiri yote. Siku moja Meneja akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Hiyo ni ndiyo au ni hapana?" Hakuwa na ubaya, alitabasamu tu. Lakini baba alikuwa amesimama pale na tambara lake la mafuta mkononi, naye akatabasamu vilevile, hajui kinachochekwa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Tangu siku hiyo baba akisema atawasha alfajiri, Mungu akipenda, mimi nasema, "Atawasha alfajiri." Meneja anafurahi. Baba anaonekana mtu wa kutegemewa. Nani ameumia?

Na kuna la pili, zito kuliko la kwanza. Mimi siamini kwamba mambo yameandikwa. Nyumba hii nzima inaamini. Sufuria ikiungua, iliandikwa. Mwalimu wetu wa lugha ya shule anasema kila mtu ameshika usukani wa maisha yake, na ninamwamini yeye. Namwamini kimyakimya, huku nikila chakula cha watu wanaoamini vingine.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Karai liko chini ya pale panapovuja. Sina la kuandika.

Jumatano, 12 Machi

Insha yangu imesomwa mbele ya darasa. "Mwamuzi wa kesho yangu ni mimi." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilipopita dobi, Redio alinidaka mlangoni. Redio ni rafiki wa mama, analisha mashuka kwenye mashine ya pasi, na jina hilo amepewa kwa sababu hazimwi. Mimi ananiita Kimya.

"Kimya! Leo umekuja na mdomo au umeuacha nyumbani?"

Nikacheka tu.

"Mnamwona huyu?" akawaambia wenzake. "Akiibiwa huyu, mwizi itabidi apige kelele mwenyewe."

Akaning'ang'ania mpaka nikamwambia kuhusu insha. Akacheka, huku akishika shuka kwa meno kuliweka sawa. "Mwamuzi wa kesho yako! Mwanangu, mimi hata mgongo wangu sina uamuzi nao. Mwenye uamuzi ni haya mashuka."

Nilimwonea huruma. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilimwonea huruma mtu asiyejua kwamba anaweza kuchagua.

Jumamosi, 15 Machi

Leo baba alinipeleka kwanza ndani nikaone mwenyewe, jambo ambalo hafanyi. Bomba la mvuke linatoka kwenye boila, linapita juu ya vichwa vya wanawake, kisha linashuka kwenye mashine ya pasi. Hapo linaposhuka pana vali, na chini ya vali palikuwa na tone linalodondoka na kukauka kabla ya kugusa sakafu.

"Unaiona? Imechoka," akasema. "Jana nimeifungua, nimeitia kamba mpya ya kuzibia, nimeikaza. Kilichobaki si changu." Akairudisha mikono yake mwilini kama mtu aliyeambiwa asiguse.

Ofisini akaniambia, "Mwambie vali ya pasi imechoka. Nimeifunga upya. Itatufikisha mwisho wa mwezi." Akanyamaza. Akatazama vidole vyake. "Mungu akipenda."

Nikasema: vali ya pasi imechoka, ameifunga upya, itatufikisha mwisho wa mwezi.

"Vizuri sana," akasema Meneja. "Basi mpya itaagizwa pamoja na vifaa vingine vya mwezi ujao." Akagonga meza ya mbao kwa kifundo cha kidole. Hugonga hivyo kila akisema jambo linakwenda sawa. Siku moja nilimuuliza baba kwa nini, akanijibu, "Si anabisha hodi kwa Mungu wake."

Tulipotoka baba akauliza, "Umemwambia yote?"

"Ndiyo, baba."

"Na hakusema tuizime?"

"Hakusema."

Akaitazama mvua. "Haya. Yeye ndiye aliyesoma."

Jumanne, 18 Machi

Viatu havikauki. Mama amevipanga kando ya jiko kama mikate.

Ijumaa, 21 Machi

Mtihani wa hisabati, sijui. Baba ametoka kabla hakujapambazuka, siku ya tatu mfululizo, kwenda kuitazama vali yake. Mama amemwambia, "Hiyo vali ingekuwa mwanamke ningeshapigana nayo."

Jumatatu, 24 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, maana kichwani hakuna mpangilio.

Nilitoka shule mvua inanyesha. Kabla sijafika langoni nilijua kuna kitu, kwa sababu mashine hazikusikika. Wanawake wote walikuwa wamesimama uani na aproni zao, wanalowa, hakuna aliyejisogeza hata chini ya paa. Ndani mvuke ulikuwa bado umetanda darini. Mashuka masafi yalikuwa sakafuni, yamekanyagwa, yana alama za viatu.

Baba alikuwa amekaa juu ya kreti lililopinduliwa. Mikono yake ilikuwa imezungushiwa foronya zilizoloweshwa. Alikuwa ameingia kwenye mvuke kulifunga bomba.

Ile vali ilikuwa imeng'oka. Redio alikuwa mahali pake, analisha shuka, anasimulia kitu. Kila mtu anakumbuka kwamba alikuwa anasimulia, hakuna anayekumbuka ilikuwa hadithi gani. Mvuke ulimpata usoni, shingoni na mkono wa kulia. Nilimuuliza mmoja wa wakunjaji kama alipiga kelele.

"Hapana," akasema. "Alinyamaza. Ndipo tukajua."

Meneja alikuja shati limemganda mwilini. "Muulize baba yako imekuwaje," akaniambia. "Aliniambia itafika mwisho wa mwezi. Alisema hivyo hasa. Itafika."

Niliisikia sentensi yangu inarudi kwangu. Ilikuwa nzima, na ilikuwa yangu, haikuwa ya baba.

Baba akainua macho. "Anasemaje?"

"Anasema pole," nikamwambia.

Jumanne, 25 Machi

Sikwenda shule. Nimesema tumbo.

Alhamisi, 27 Machi

Tumekwenda hospitali na mama na baba. Wodi ndefu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Redio amefungwa bendeji kichwa chote, limebaki jicho moja na mdomo. Shuka alilolalia lina mshono wa kijani pembeni. Mshono huo nimeuona maisha yangu yote. Amelala juu ya kazi yake mwenyewe.

Baba alisimama miguuni pa kitanda, akashindwa kusogea. Redio ndiye aliyemwita, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kujua anayo.

"Shemeji. Njoo hapa, sikuli."

Baba akasogea.

"Usijitese. Ilikuwa imeandikwa. Ungekuwa pale usingekuwa pale, ilikuwa imeandikwa."

Baba akainamisha kichwa akalia, mikono yake iliyofungwa imening'inia, hawezi hata kujipangusa. Mama ndiye aliyempangusa. Redio akanitafuta kwa lile jicho. "Na wewe Kimya, sema basi kitu. Leo nimekuachia nafasi."

Nilikuwa nawaza jambo moja tu: anamsamehe mtu asiye na kosa, na njia aliyoipata ya kumsamehe ni hiyo hiyo niliyokuwa naionea aibu.

Jumamosi, 29 Machi

Majirani wanakuja tangu asubuhi. Wanakaa, wanasema ni mapenzi ya Mungu, wanaondoka, wanakuja wengine. Zamani ningeziba masikio. Leo nimekaa kona nikamwangalia baba. Kila wanaposema, mabega yake yanashuka kidogo. Wa mwisho alipoondoka aliomba chakula, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Ningemwambia vali haikuandikwa popote, angekula?

Jumatano, 2 Aprili

Nimefanya baya zaidi.

Meneja alituita ofisini. Hakuwa amenyoa. Baba alisimama kama kawaida, ingawa kiti kilikuwapo. Meneja akaniangalia mimi, kwa sababu siku zote ananiangalia mimi, akasema, "Mwambie sitafuti mtu wa kumnyonga. Nataka kuelewa. Aliniambia vali itafika mwisho wa mwezi. Alinipa neno lake. Kama alikuwa na shaka, kwa nini hakusema?"

Nikamtafsiria baba. Neno kwa neno, sikuacha kitu.

Baba alikunja uso, hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayesikia habari za mtu mwingine. "Neno langu? Mimi sikumpa neno langu. Mimi nilimwambia Mungu akipenda."

Wakanigeukia wote wawili.

Nilikuwa na sentensi hiyo mkononi. Fupi. Mtoto wa darasa la kwanza angeitafsiri. Lakini ningeisema, Meneja angesema, hapana, hakusema hivyo, na baba angesema, nilisema, na wangenitazama tena. Nikasema, kwa lugha ya shule, "Anasema yalikuwa mapenzi ya Mungu."

Uso wa Meneja ulijifunga kama dirisha. "Bila shaka," akasema taratibu. "Kwao kosa siku zote si la mtu. Mwanamke ameungua uso, na hakuna mtu." Akasema baba akae nyumbani mpaka mkaguzi wa serikali aje, na baada ya hapo asitegemee kurudi.

Kwa hiyo siku ile Mungu alipohitajika nilimtoa. Leo asipohitajika nimemweka.

Ijumaa, 4 Aprili

Baba yuko nyumbani. Nyumba yetu haimwezi mtu mzima mchana kutwa. Amerekebisha bawaba za milango yote, sasa hakuna mlango unaolia, na tunashtukiana.

Mama amechoka na majirani. Mmoja alipoanza tena habari za kuandikwa, mama akamwambia, "Sawa, dada, iliandikwa. Lakini Mungu hakumkataza mtu kununua vali." Jirani akanywa chai yake haraka. Sikujua kwamba mama anafikiri hivi. Nilidhani katika nyumba hii kuna imani yao na kuna yangu. Kumbe yeye anazo zote mbili kwenye kabati moja na hazigombani.

Jumapili, 6 Aprili

Wamezungumza jikoni, nami nilikuwa nyuma ya pazia nikipiga pasi sare. Sikwenda kusikiliza. Nilikuwapo tu.

Baba alisema, "Najiuliza kama nililisema kwa mdomo tu."

"Lipi?" akauliza mama.

"Mungu akipenda. Unajua mtu akizoea. Unasema kama unavyokohoa. Labda siku ile nililisema bila moyo, kama mazoea. Naye akasikia kwamba sikumaanisha."

"Acha maneno hayo."

"Nalitafuta kosa langu, mke wangu. Boila nimeipitia yote kichwani, bomba kwa bomba. Sioni pengine. Lazima ni hapo."

Nikaunguza kola ya sare. Mama aliuliza harufu ya nini, nikasema ni makaa.

Yale maneno aliyasema kwa moyo kuliko maneno yote niliyowahi kumsikia akisema. Mimi nilimwona akiangalia vidole vyake. Mimi peke yangu, duniani kote, ndiye ninayejua kwamba aliyasema vizuri.

Jumatano, 9 Aprili

Nilimsubiri mwalimu wa lugha nje ya chumba cha walimu. Nikamuuliza, mtu akifanya jambo dogo, na likawa kubwa bila yeye kujua, bado usukani ni wake? Alifurahi kwamba nimezungumza. Alisema daima kuna uchaguzi, na anayekubali makosa yake hukua. Kisha upepo ukapindua mwavuli wake, akakimbia akicheka.

Alisema kweli. Lakini yeye alikuwa anazungumza habari za alama za mtihani.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda kwa Meneja peke yangu. Nilizunguka uzio wa dobi mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nilisimama pale ninaposimama siku zote, kati ya meza na mlango, lakini hakukuwa na baba nyuma yangu, na sikujua niangalie wapi. Nikasema, "Kuna maneno niliyaacha." Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

"Maneno gani?"

Nikamwambia. Itafika mwisho wa mwezi, Mungu akipenda.

Nilitegemea achukie. Alishusha pumzi, akaonekana kama mtu aliyeletewa mzigo ukawa mtupu. "Ndiyo hayo tu?" akasema. "Lakini hayo husemwa na kila mtu hapa. Mlinzi anayasema akifungua lango. Hayana maana yoyote. Kama aliogopa, angesema anaogopa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Ningeweza kuondoka. Mwenyewe amesema hayana maana! Ningekwenda nyumbani nikiwa mwepesi.

"Hapana," nikasema.

Akanitazama.

"Baba hawezi kusema anaogopa." Nilikuwa nayatafuta maneno sasa, ya kwangu, na yalikuwa yanakuja moja moja yamepinda. "Akisema habari za mafuta au za kesho, ni mazoea. Lakini siku ile alinyamaza kwanza. Akaangalia mikono yake. Akisema hivyo, maana yake, nimefanya yote ninayoyajua, na bado haitoshi. Maana yake, mikono yangu imefika mwisho, wewe usiitegemee. Wenzake wote wangeyasikia hivyo. Redio angeyasikia, asingesimama pale."

Mashine zilikuwa zinaunguruma upande wa pili wa ukuta.

"Na wewe uliyasikia hivyo?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ukayaacha."

"Ndiyo."

Akafunika macho kwa kiganja. Nilidhani ni hasira, kisha nikaona mabega yake yanatikisika. "Nilikuwa na vali nyingine ghalani," akasema, sijui kama alikuwa akisema na mimi. "Ya mashine nyingine. Ingeingia. Ningejua, ningesema waitoe." Aliendelea kusema ningejua, ningejua. Hana mtu wa kumwambia iliandikwa. Huko alikotoka hakuna maneno hayo, au yapo na yeye hajapewa. Anabeba yote kwa mkono wake mwenyewe kila siku, na kila siku anakuja kazini nayo. Nilimwonea huruma, na safari hii sikujiona niko juu yake.

Baadaye akajipangusa. "Mkaguzi anakuja Jumatatu. Utayasema haya mbele yake, na mbele ya baba yako. Siwezi kuyapokea kwako peke yako. Ni jina lake."

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua imekatika. Sijamwambia.

Jumapili, 13 Aprili

Asubuhi sikuweza, alikuwa ananyoa. Mchana sikuweza, mama alikuwapo. Mama akatoka kwenda hospitali na uji wa Redio, ambaye bado hawezi kutafuna, na bado sikuweza.

Nimejaribu kuyapanga hapa. Nikimwambia, ataacha kulitafuta kosa moyoni mwake, kwa sababu halimo. Hilo ndilo ninalotaka. Lakini nikimwambia, atajua pia kwamba mwaka mzima amesimama ofisini na binti yake akimwonea aibu, na kwamba kila alipouliza "Umemwambia yote?" nilimwangalia usoni nikasema ndiyo. Na ninajua atakachofanya. Atanyamaza, halafu ataniambia, mwanangu, usijitese, iliandikwa. Atanipa lile lile alilopewa na Redio, kwa moyo wote, na mimi sina pa kulipokelea. Nilijifundisha mwenyewe kutoliamini. Nitalazimika kukaa nalo mikononi kama zawadi ya mtoto wa mtu mwingine.

Au hatasema hivyo. Labda kwangu mimi hatasema.

Kesho nitasikika mbele ya watu watatu, na sitakuwa nasema maneno ya mtu.

Anatembea ukumbini. Mlango haulii tena, lakini malapa yake yanasikika kwenye saruji. Amesimama hapo nje. Anakohoa kama anavyokohoa akitaka kuomba kitu, na najua anachotaka: nimfundishe namna ya kumsalimu mkaguzi kwa lugha ya shule, asije akaonekana hana adabu.

Nimeufunika ukurasa kwa mkono wa kushoto. Anabisha.